Uzi: Mchoro wa makala (makaa) wenye maduara matupu, tuusomeje?

Kijiti_Lushi (Lubumbashi)

Jambo yenu wote.

Nafungua uzi huu kwa ajili ya mchoro mmoja ambao watu wanaupita haraka mno, na inaniuma. Picha yake nimeiweka hapo juu. Ni makala juu ya karatasi ya kahawia, upana wake unakaribia mita moja. Ndani hamna mtu wala nyumba. Hamna ule mlima mweusi wa mabaki ya kuyeyushia shaba, wala bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, vitu ambavyo mchoraji wa mji huu huanza navyo kabla hajajua kushika kijiti. Kuna maduara tu, safu kwa safu. Mengine yanagusana, mengine yanapandiana. Juu kushoto ni kijivu hafifu, na kadiri unavyoshuka kulia yanazidi kuwa meusi hadi karatasi inapotea. Karibu na katikati kuna sehemu iliyofutwa, maduara yake yamebaki nusunusu.

Aliyeuchora ni mwenzangu tunayetumia naye chumba kimoja cha kuchorea hapa Kamalondo. Ameniruhusu niuandikie, ila hataki jina lake.

Kila anayeingia mle chumbani anauliza, "Hii ni nini?" Akiambiwa ni maduara, anasema kompyuta ingeyatoa kwa dakika moja. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana kompyuta ingetoa duara moja mara nyingi, na huu mchoro hauna maduara mawili yanayofanana.

Sababu iko kwenye makala yenyewe. Wino unanywewa na karatasi, unaingia ndani na kukauka. Makala hayaingii. Chembe zake zinakaa juu, zimekamatwa na mikwaruzo ya karatasi tu, kwa hiyo mkono unaopita kuchora duara la pili unaburuta unga wa duara la kwanza. Vuteni picha karibu mtazame mahali popote maduara mawili yanapopandiana. Mstari mmoja utauona umechafuka, umevutwa kidogo upande ule mkono ulikoelekea, na mwingine umekaa juu yake ukiwa safi. Ule uliochafuka ndio uliotangulia. Ukifuata hivyo duara kwa duara unaweza kujua mkono ulianzia wapi, ukarudi wapi, ukaruka wapi. Mimi nilikuwepo alipokuwa akiuchora, lakini asiyekuwepo naye anaweza kuusoma.

Kisha tazama unene wa mstari. Mwenzangu anachora amesimama, karatasi iko ukutani, na duara linatoka begani. Kiwiko na kifundo cha mkono vinafuata tu. Mkono ukishuka, uzito wake wenyewe unakandamiza kijiti na mstari unakuwa mweusi. Ukipanda, unalegea na mstari unafifia. Karibu kila duara lina upande mzito na upande mwepesi, na kadiri alivyochoka upande mwepesi ulizidi kuwa mwepesi. Kwenye safu za chini kuna maduara yasiyofunga kabisa, na jicho lako linayafungia lenyewe bila kuombwa.

Ninachodai ni hiki. Umbo likirudiwa kwa makala, umbo lenyewe linaacha kuwa jambo kubwa, na kinachobaki mbele yako ni muda na mwili wa mtu aliyechora. Umbo rahisi ndilo linalofaa kazi hiyo. Angechora nyuso, tungeanza kuulizana huyu ni nani na yule ana hasira gani, na mkono tusingeuona.

Semeni mnavyoona.

---

Msomaji_Dar (Dar es Salaam)

Kaka, nimekusoma hadi mwisho na nimeikuza picha kama ulivyosema. Ni kweli, mistari iliyotangulia imechafuka, jambo ambalo sikulijua. Lakini niseme ukweli wangu: naona matundu. Nimekulia karibu na wachoraji wa Tingatinga, kule ukiona chui unajua ni chui, na bado unaona mkono wa mtu kwenye kila doa. Kwa nini nichague mchoro ulioondoa chui ukabakiza madoa?

Na swali la pili, bila ubishi. Huu uchoraji wa maumbo matupu si tumeupokea tu kutoka Ulaya? Nimewahi kuona picha za mchoraji Kandinsky, maduara yamejaa.

---

Yaya_Ruashi (Lubumbashi)

Ndugu wa Dar, swali lako la pili naomba nilijibu mimi, maana mji huu una historia yake katika jambo hilo.

Kandinsky ni kweli. Ile kazi yake kubwa ya maduara ya 1926 iko kwenye makumbusho ya Guggenheim, New York. Ila hakuna haja ya kwenda mbali kiasi hicho. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana hapa, wakati mji ukiitwa Élisabethville. Karakana ile iliitwa Le Hangar. Hakutaka wanafunzi wake wanakili wachoraji wa Ulaya, alitaka kila mmoja atafute mkono wake mwenyewe. Humo walitoka Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga. Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole, alama moja baada ya nyingine, mpaka mti au samaki anajaa. Mwenze alijenga kila kitu kwa mistari mifupi iliyolala sambamba, kwa rangi za udongo. Ukisimama karibu na kazi yake unaona mistari tu. Ukirudi nyuma, swala anatokea. Romain-Desfossés alifariki 1954, na karakana ikaunganishwa na shule ya sanaa ambayo Laurent Moonens alikuwa ameianzisha 1951.

Kwa hiyo kurudia alama moja hadi karatasi ijae ni jambo lenye wazee wake hapa Lubumbashi. Tofauti ni kwamba Mwenze alimbakiza swala, na huyu wa Kamalondo amemwondoa.

Na kumwondoa nako hakukuanza leo. Waluba wana lukasa. Ni ubao wa kushika mkononi uliopigiliwa shanga na simbi, na waliokuwa wakiutunza ni watu wa chama cha Mbudye. Msomaji aliupitisha kidole huku akisimulia habari za wafalme, safari zao na mipaka ya nchi. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo unaweza kuwa chifu na watu wake. Shanga zilizofuatana mstari zinaweza kuwa njia. Hamna pua mle wala macho, na ufalme mzima ulisomwa humo.

Upande wa Dilolo, na kuvuka hadi Angola, Wachokwe nao wana sona. Mtu anatia vitone kwa ncha za vidole kwenye mchanga, vimepangwa sawasawa, kisha anapitisha mstari unaovizunguka vyote, na fundi wa kweli hainui kidole hadi amemaliza, huku akisimulia. Mchanga ule unafutika kirahisi kuliko makala.

Lukasa lilisomwa na waliofundishwa kulisoma. Hapo ndipo ningemuuliza Kijiti: huu mchoro wa mwenzako, nani amefundishwa kuusoma?

---

Mama_Makala_Katuba

Jambo bana yangu. Miye ninauzishaka makala ku soko hapa Katuba, mambo ya sanaa sikusoma. Lakini iko kitu nataka kusema juu ya hii miviringo.

Kamata kipande ya makala ya muti muzito, ile banatoka nayo ku njia ya Kasenga. Uivunje kwa upana, hapana kwa urefu. Angalia pale penye imevunjika. Utaona miviringo, moja ndani ya ingine, na nyufa zinatoka katikati kwenda inje. Muti uliungua lakini ile miviringo haikupotea. Siye tunaangaliaka pale kabla ya kununua mufuko. Makala yenye miviringo ya kukaribiana iko nguvu, inakaa mu mbabula mpaka chakula inaiva. Ile ya kuachana-achana inaisha mbio.

Basi huyo mutoto ya Kamalondo anachora kitu yenye iko tayari ndani ya mukono wake. Sijui kama anajua.

---

Kijiti_Lushi

Mama, aksanti sana. Nimemsomea mwenzangu maneno yako akaenda kwenye jiko la jirani, akachukua kipande, akakivunja. Alikitazama kwa muda mrefu. Hakuwa amewahi kukivunja kwa upana, na mimi pia.

Niongeze kidogo hapo, maana mama amegusa jambo kubwa. Makala ni mti uliochomwa kwa hewa kidogo. Maji na moshi vinatoka, kaboni inabaki, na umbo la ndani la mti halibomoki. Ndiyo maana wachimbaji wa mambo ya kale wakikuta kipande cha makala kwenye jiko la zamani wanaweza kutambua ni mti gani uliochomwa. Miti ya miombo ya kwetu inakua wakati wa mvua na kupumzika kiangazi, na mapumziko hayo yanaacha alama. Malakiti nayo ina tabia hiyo. Wauzaji wa mji huu wanaisugua na kuing'arisha ili yaonekane yale mazingo ya kijani juu ya kijani, na yamejijenga tabaka juu ya tabaka ndani ya mwamba. Hapa tumezungukwa na vitu vilivyokua kwa kujizunguka.

Yaya, umeniuliza nani amefundishwa kuusoma. Swali ni zito na sitalikimbia. Lukasa lilikuwa na maana iliyokubaliwa na watu waliowekwa kuilinda. Mchoro huu hauna. Ushanga ule ulisimama kwa chifu fulani, na duara hili halisimami kwa mtu yeyote, nami sitalibambikia chifu ili lipate heshima. Ila nadhani kuna usomaji mwingine usiohitaji kuwekwa rasmi, ule wa kufuata alama. Mwindaji anayesoma nyayo hakuambiwa na mnyama maana yake. Anajua tu kwamba udongo unahifadhi uzito, mwendo na mpangilio. Huo unafundishika kwa saa moja mbele ya karatasi, na ndiyo sababu ya uzi huu.

---

HesabuLikasi

Mimi ni mwalimu wa hesabu, niruhusuni niingie kwa mlango wangu.

Chukueni vifuniko vya chupa. Weka kimoja katikati, kizungushie vingine vya ukubwa uleule. Vitaingia sita barabara, vyote vikigusa cha katikati na kila kimoja kikigusa jirani zake. Havizidi, havipungui. Darasani nafanya hivyo kila mwaka, na kila mwaka kuna mtoto anayejaribu kusukuma cha saba.

Sasa tazameni mchoro. Safu za juu zimepangwa kimraba, kila duara limekaa juu kabisa ya lile la chini yake. Kuanzia katikati kwenda chini, kila safu imesogea nusu ya duara, maduara yameingia kwenye mabonde ya safu iliyo chini. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Maduara yanayogusana kimraba yanajaza asilimia 78.5 ya eneo, na 21.5 inabaki tupu. Yakisogezwa yakaingia mabondeni yanajaza asilimia 90.7, inabaki 9.3. Karatasi iliyo wazi kati ya duara na duara inapungua kwa zaidi ya nusu kabla mchoraji hajakandamiza kijiti hata kidogo.

Na umbo la ile nafasi linabadilika. Juu ni vinyota vya pembe nne. Chini ni vipembetatu vyenye pande zilizobonyea ndani. Mimi mwanzo nilidhani weusi wa chini kulia umetoka kwenye nguvu ya mkono peke yake. Nilipopima nikaona mpangilio nao umefanya kazi. Mwenzako alikusudia?

---

Kijiti_Lushi

Mwalimu, nimemuuliza. Anasema safu za juu zilimchosha jicho, akaona vile vinyota vinajitokeza kuliko maduara yenyewe, ndipo akaanza kusogeza safu. Hakupima kwa rula. Alifuata alichokiona kinamsumbua. Hesabu zako nimeziandika ukutani pale chumbani.

---

Binti_Kivu (Bukavu)

Habari zenu kaka na dada zangu. Mimi ni mwanafunzi, nachora kwa penseli tu, na uzi huu umenipa hamu ya kujaribu makala. Nina maswali ya kazi. Makala ya jikoni yanafaa? Karatasi ipi? Na mchoro ukishaisha unaulindaje usifutike? Huku kwetu unyevu wa ziwa ni mwingi. Tena lile eneo lililofutwa katikati, alifutia nini? Linaonekana halikufutwa kwa haraka.

---

Kijiti_Lushi

Dada, haya ndiyo maswali ninayoyapenda.

Makala ya jikoni yanachora, lakini ya mti mzito kama ile anayoisifia Mama ni magumu. Yanakwaruza karatasi na kutoa kijivu badala ya weusi, na mara nyingi yana mchanga. Kwa kuchorea tafuta kijiti laini. Wazungu wanatumia matawi ya mti uitwao saule na ya mzabibu. Sisi tunatumia vijiti vya mforosadi kwa sababu vipo uani. Vimenye ganda, vikate virefu kama kidole, unene uwe mmoja, vipange kwenye kopo la bati hadi vibanane. Toboa tundu dogo kwenye kifuniko, weka kopo ndani ya moto. Moshi utatoka tunduni, mweupe na mzito mwanzoni. Ukikoma, vimeiva. Sasa hapa uwe na subira: acha kopo lipoe kabisa. Ukilifungua likiwa na moto, hewa inaingia na utabaki na majivu.

Wanaouza vijiti vilivyosagwa na kugandishwa kwa gundi wanakuuzia kitu kingine. Hivyo ni vyeusi sana, vinashika karatasi kwa nguvu, na kuvifuta ni shida. Mwenzangu anavitumia kwenye kona ya chini kulia peke yake, pale alipotaka pasiwe na kurudi nyuma.

Karatasi laini ya kutolea kopi haifai, unga unateleza. Unahitaji inayokwaruza. Ya mchoro huu ni tabaka la ndani la mfuko wa simenti, lililopigwa pasi. Ina mshiko mzuri na rangi yake ya kahawia inakupa kijivu cha kati bila kazi. Ubaya wake haijatengenezwa ili idumu: mwanga utaibadilisha rangi na kuifanya ikatike kirahisi. Kwa kazi unayotaka iishi, nunua karatasi nzuri hata ndogo.

Kwenye zile safu za juu, kuna njia aliyotumia ambayo unaweza kuijaribu leo. Usichore kwa ncha. Kilaze kipande kifupi cha kijiti kwenye karatasi, kandamiza mwisho wake mmoja kwa kidole usiondoke mahali pake, kisha uzungushe mwisho wa pili. Kipande cha sentimita 4 kinakupa duara lililojaa, la sentimita 8. Ukibana zaidi ule mwisho unaotembea, ukingo unakuwa mweusi na katikati panabaki hafifu.

Sasa kufuta. Alitumia mkate. Usishtuke, kabla ya gomu la mpira kuanza kutumika mnamo 1770 wachoraji walifuta kwa mkate, na kwa makala bado ni kifutio bora, maana unabeba unga bila kuumiza karatasi. Chukua sehemu laini ya ndani ya mkate usio na mafuta, ikande, kisha gusa na kuinua. Usisugue. Na makala hayatoki yote, huacha kivuli. Mchoraji William Kentridge wa Johannesburg ametengeneza filamu nzima kwa tabia hiyo: anachora kwa makala, anapiga picha, anafuta kidogo, anachora tena juu ya kivuli kilichobaki, anapiga tena. Kila kilichoondolewa kinaendelea kuonekana kwa nyuma. Lile eneo la katikati la mwenzangu limefanywa hivyo. Aliyachora maduara yakakamilika, akayapunguza kwa mkate, akarudia machache juu yake. Kwa hiyo ile sehemu inayoonekana tupu kuliko zote ndiyo iliyofanyiwa kazi nyingi kuliko zote.

Kulinda. Kuna dawa ya kupulizia ya wachoraji, ni utomvu ulioyeyushwa kwenye spiriti. Puliza ukiwa mbali, ukungu mwembamba, acha ikauke, rudia. Ukipuliza mara moja kwa wingi, unga unalowa na kutembea. Wanafunzi wengi wanatumia spreyi ya nywele. Inashika, ila baada ya muda inageuka njano. Zamani walitumia hata maziwa yaliyotolewa mafuta na kuchanganywa na maji. Vyovyote vile weusi utaongezeka kidogo na baadhi ya kijivu hafifu utapotea, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni. Ukiweza kuweka kioo, kioo kisiguse karatasi. Weka ukanda wa kadibodi kuzunguka ili pabaki nafasi, hasa Bukavu ambako unyevu utaifanya karatasi ijikunje na kubusu kioo.

Na usipulize unga kwa mdomo. Utaurudisha kifuani mwako. Inua ubao, ugonge kwa nyuma, uache uanguke.

---

Msomaji_Dar

Kijiti, nimefanya jaribio ambalo halikutajwa hapa. Niliigeuza picha kichwa chini kwenye simu. Yale maduara ya safu za juu, ambayo mwanzo niliyaita matundu, yakawa yamevimba. Nikairudisha, yakawa mashimo tena. Nimemwonyesha mke wangu naye akaona hivyohivyo. Kwa nini?

Bado niko kwenye chui wangu, nisiwadanganye. Mchoro huu unanifundisha kutazama, na nashukuru, lakini haujanigusa moyoni.

---

Kijiti_Lushi

Hilo ni jambo zuri mno, nami sikuwa nimeligundua.

Sababu iko kwenye mwanga. Jicho la binadamu, likikosa habari nyingine, linachukulia kuwa mwanga unatoka juu, kwa sababu jua liko juu. Kitu kilichovimba kikipata mwanga wa juu, kivuli kinakaa chini yake. Shimo likipata mwanga huohuo, kivuli kinakaa kwenye ukingo wa juu. Mwenzangu kwenye safu zile aliishia mzunguko kwa juu kila mara, na pale kijiti kinaposimama unga unarundikana. Kwa hiyo weusi umekaa juu, na wewe ukaona mashimo. Hukukosea kabisa ulipoyaita matundu. Ulipogeuza, weusi ukashuka chini na yakavimba.

Safu za chini hazigeuki, umeona? Kule upande mzito uko ubavuni, pale mkono uliposhuka, si juu wala chini, jicho halina pa kushika.

Kuhusu kuguswa, sitakulazimisha, ndugu yangu. Nitasema tu kinachonigusa mimi. Kwenye safu ya mwisho, upande wa kushoto kabisa, kuna duara moja lililochorwa polepole kuliko yote. Mstari wake unatetemeka, hauna upande mwepesi. Nilikuwepo. Bega lilikuwa limemshinda, akaacha kuchora kwa bega, akashika kijiti kwa mikono miwili. Kila nikipita pale nalitafuta hilo.

---

Yaya_Ruashi

Nimelitafuta, nimeliona. Liko chini kidogo ya usawa wa wenzake.

Kijiti, mwambie mwenzako asiupeleke kwenye fremu kabla sijafika. Nataka kuuona bila kioo. Na kama anakusudia kuupeleka kwenye maonyesho yoyote, hapa mjini kuna chama cha sanaa kiitwacho Picha, wale walioanzisha biennale yetu (maonyesho ya kila miaka miwili) 2008, akawaulize. Mji huu una watu wanaojua kutazama kitu cha namna hii.

---

Mama_Makala_Katuba

Na miye nitakuja na Yaya. Nitamuletea huyo mutoto vijiti ya muti mulaini, niko na mutu anayeleta. Vile ya mforosadi itaisha ku lupango yenu, na bado iko na karatasi ingine ya kujaza.

---

Binti_Kivu

Kopo langu liko motoni sasa hivi, moshi bado mweupe. Kaka Kijiti, tundu la kifuniko liwe kubwa kiasi gani? La kwangu nimetoboa kwa msumari wa inchi tatu.

---

Kijiti_Lushi

Linatosha, dada. Lisizidi hapo. Likiwa kubwa hewa itarudi ndani moshi ukipungua. Na ukilitoa motoni, lizibe lile tundu kwa donge la udongo uliolowa, uliache hadi kesho asubuhi.